Leso, suruali na kura: uzi wa haki za wanawake, tukitembea Nairobi kwa miguu

#1 Bint Kaloleni (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Jumapili iliyopita tulikuwa na kikao cha ukoo. Mpwa wangu, kijana msomi mwenye kazi nzuri Upper Hill, akasema mbele ya chakula kwamba haya mambo ya haki za wanawake yaliingia nchini pamoja na simu za mkononi, na kwamba nyanya zetu hawakuwa na habari nayo. Nilikuwa nimeshika upawa. Nikanyamaza kwa sababu ya wageni. Wageni sasa wamekwenda, na bando ninayo ya mwezi mzima.

Nitashusha vipande vipande nikipata nafasi. Matusi sijibu. Maswali nitajibu hata yale ya kijinga, nimelea watoto watatu.

#2 Bint Kaloleni

Hesabu ya vitabuni kwanza, tuimalize upesi.

Watu wa vitabu huhesabu harakati hizi kwa mawimbi. Wimbi la kwanza huanzia Julai 1848, mji mdogo wa Seneca Falls katika jimbo la New York. Elizabeth Cady Stanton na Lucretia Mott waliitisha mkutano, na waliotia sahihi azimio walikuwa 100: wanawake 68, wanaume 32. Mmoja wa hao wanaume ni Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani akatoroka. Ndiye aliyesimama kutetea kipengele cha kura, maana hata humo ndani wengi walikiona kimevuka mpaka. New Zealand wakawapa wanawake kura 1893. Uingereza, Emmeline Pankhurst na wenzake walianza chama chao 1903: wakavunja vioo vya madirisha, wakafungwa, wakagoma kula, wakalishwa kwa nguvu kwa mrija wa mpira. Kura ikaja 1918 kwa waliofika miaka 30 na wenye mali kiasi, na 1928 wakawa sawa na wanaume. Marekani ni 1920, ingawa wanawake weusi wa majimbo ya kusini walizuiwa kwa hila hadi sheria ya 1965. Ufaransa 1944. Uswisi, msiniulize kwa nini, 1971.

Jina "wimbi" lenyewe ni la juzi. Machi 1968, Martha Weinman Lear aliandika katika jarida la New York Times kuhusu wimbi la pili, na hapo ndipo wale wa awali walipobatizwa wimbi la kwanza, wengi wao wakiwa makaburini tayari.

Sasa geuzeni macho. Hapa Kenya wanawake walipewa kura mwaka 1919, mwaka mmoja kabla ya katiba ya Marekani kubadilishwa. Ila walikuwa wanawake wa Kizungu peke yao. Wimbi la kwanza lilifika Nairobi mapema kabisa, likashuka kwenye gari-moshi, likaenda kunywa chai hoteli ya Norfolk. Mwafrika alingoja hadi Machi 1957, na hapo pia kwa masharti ya kisomo, kipato na mali. Mnajua wenyewe ni wanawake wangapi walikuwa na vyote hivyo.

Shikeni hiyo 1919, maana kinachofuata ni miaka mitatu tu baadaye.

#3 Fundi wa Gikomba

Naweka kiti. Lakini dada, ukimaliza utuambie kwa nini kila historia ya wanawake lazima ianzie Amerika. Hiyo yenyewe si ndiyo anachosema mpwa wako?

#4 Bint Kaloleni

Fundi, ndiyo sababu nimeimaliza upesi.

Nenda barabara ya Harry Thuku, pale kati ya hoteli ya Norfolk na chuo kikuu, karibu na kituo cha polisi cha Central. Ukisimama hapo saa kumi jioni huoni kitu ila wanafunzi na boda.

Machi 14, 1922, Harry Thuku alikamatwa. Alikuwa karani wa simu serikalini, akaacha kazi kwa siasa. Alilalamikia kipande, alilalamikia kodi, alilalamikia mishahara iliyopunguzwa, na alilalamikia jambo moja ambalo wanaume wengine walilipitia juu juu: wasichana na wake za watu kukusanywa na machifu na kupelekwa kwa nguvu kufanya kazi mashambani mwa walowezi, na yaliyokuwa yakiwapata huko. Wanawake walimwita mkuu wao, na wakamtungia wimbo.

Tarehe 16 umati ulikuwa mbele ya kituo, maelfu. Wazee wa chama chake waliingia kuzungumza na wakubwa, wakatoka wakiwaambia watu warudi nyumbani. Wanaume wakaanza kuondoka. Mary Muthoni Nyanjiru, mama wa kutoka Weithaga huko Murang'a, akaruka mbele, akapandisha nguo yake hadi mabegani, akawaambia wanaume wachukue gauni lake yeye wampe suruali zao, kwani wanangoja nini na kiongozi wao yumo humo ndani. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasogea mlangoni, askari wakafyatua risasi. Nyanjiru akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilikiri watu 21. Walioshuhudia walitaja zaidi ya mara mbili ya hapo, na walisimulia kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao walitia zao.

Kwa asiyejua, mama mtu mzima kujifunua mbele ya wanaume kwa makusudi, kwa Wakikuyu na kwa makabila mengi ya huku, si kituko. Ni laana. Huitoi ovyo, maana ukishaitoa hairudi.

Ndiyo nauliza: kati ya wale mabibi waliopewa kura 1919 na huyu wa 1922, wimbi la kwanza la Nairobi ni lipi?

#5 Fundi wa Gikomba

Hadithi nzuri, hakuna anayebisha. Lakini Nyanjiru hakwenda pale kudai haki za wanawake. Alikwenda kumtoa mwanamume jela. Na neno lake lenyewe linasema ujasiri ni suruali. Wewe unamvika nguo za leo.

#6 Bint Kaloleni

Nusu nakupa. Ni kweli hakusema "haki za wanawake", na ni kweli alitukana wanaume kwa kuwaita wanawake, tusi ambalo mimi nikilisikia leo ofisini namwandikia mtu barua.

Nusu nyingine sikupi. Aliyefungwa alifungwa akisema habari za mabinti kuburutwa mashambani. Kwa mwenye binti hiyo ilikuwa kesi ya nani? Na huyu si wa kwanza. Mekatilili wa Menza alishazunguka Ugiriama 1913 akicheza kifudu na kuwalisha watu kiapo wasitoe vijana wao kwa kazi za Mwingereza. Wakamhamisha mbali bara. Akatoroka, akarudi kwa miguu. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a walikataa kuchimba matuta ya lazima, wakakamatwa kwa makundi. Wote hao hawakuwa na neno "ufeministi". Walikuwa na mwili unaofanyishwa kazi bila malipo. Sijui tuwaite nini basi.

#7 Mtu wa Tanga

Huku kwetu Bibi Titi Mohamed alipoingia TANU, chama cha kudai uhuru wa Tanganyika, 1955 alikuwa mwimba lelemama, na ngoma ndiyo iliyojaza kadi za chama. Kwa hiyo mimi nikisikia kifudu cha Mekatilili naelewa kabisa. Endelea dada.

#8 Nyuki wa Umoja

Nimesoma historia hadi kidato cha nne na Nyanjiru alipewa sentensi moja. Moja! Mama, endelea tafadhali, niko kwa matatu na jam ya Jogoo Road haisongi.

#9 Bint Kaloleni

Nyuki binti yangu, basi una muda.

Kabla sijarukia uhuru, niwaguse wenye nyumba. Watu hudhani mwanamke wa mjini zamani alikuwa wa kulelewa au wa kuaibikiwa. Pangani ya zamani, ile iliyobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, sehemu kubwa ya wenye nyumba walikuwa wanawake. Walipangisha vyumba, wakanunua kwa fedha zao, wakarithisha waliyemtaka. Namna walivyopata mtaji si ya kusimulia mbele ya shehe, lakini nyumba zilikuwa zao. Pangani ilipovunjwa walihamishiwa sehemu kama Shauri Moyo, Pumwani wengine walikuwepo tangu mwanzo. Bibi yangu alipanga kwa mmoja wao. Alisema ukichelewesha kodi anakuja kuimba mlangoni jina lako, na sauti alikuwa nayo.

Sasa uhuru. Grace Onyango, mwanamke wa kwanza bungeni, aliingia 1969 kwa kiti cha Kisumu mjini. Miaka sita baada ya bendera kupanda, bunge zima la wanaume. Mwaka huohuo hapa Nairobi, jimbo la Bahati, Jael Mbogo alimkimbiza Mwai Kibaki hadi pumzi ya mwisho, akashindwa kwa kura chache.

Na bunge hilo la wanaume lilifanya nini? Hapa ndipo ninapotaka mkae.

Kulikuwa na sheria ya 1959, ya matunzo ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Msichana akizalishwa na kuachwa, alikwenda kortini, akathibitisha baba ni nani, na baba akaamriwa kulipa. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa akishona sare za shule kwenye kibaraza, na kila mwezi kulikuwa na siku ya kwenda kuchukua hela za mtoto. Hazikuwa nyingi. Alizifunga kwenye ncha ya leso. Mwaka 1969 sheria ikafutwa. Hoja zilizotolewa ni kwamba wasichana wanaifanya biashara, kwamba ni mambo ya kigeni, kwamba wanaume wanateseka. Shangazi alikwenda siku yake ya kawaida akaambiwa hakuna tena. Mtoto alikuwa na miaka mitano. Leo ni babu, namwita kaka, na baba yake alikuwa akipita pale kwenye kibaraza na baiskeli.

Wazungu wanasema wimbi la pili lilikuwa miaka ya 1960 na 1970: vidonge vya kupanga uzazi 1960, kitabu cha Betty Friedan 1963, washonaji wa viti wa Ford kule Dagenham wakagoma 1968 na sheria ya mshahara sawa ikafuata 1970. Sawa. Wakati wao wimbi linapanda, letu lilikuwa linarudi baharini na hela za shangazi.

#10 Mwalimu wa Zamu

Sahihisho dogo, mwenye uzi usinikasirikie. Onyango ni wa kwanza KUCHAGULIWA bungeni. Priscilla Abwao aliteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1961, na 1962 alikaa kwenye mazungumzo ya katiba Lancaster House, London, mwanamke Mwafrika pekee katika ujumbe wa Kenya. Pia usimsahau Ruth Habwe: 1964 alitaka kiti cha ubunge akasimama bila chama, na chama tawala, KANU, kikamsimamisha uanachama.

Na jumuiya ya Maendeleo ya Wanawake umeiruka kabisa. Ilianza 1952 chini ya serikali ya mkoloni, wakati wa hali ya hatari. Kina mama walifundishwa kufuma, kuoka, na usafi, na lengo mojawapo lilikuwa kuwavuta mbali na Mau Mau. Wengine hawakuvutika. Field Marshal Muthoni wa Kirima alikuwa msituni wakati huo.

#11 Bint Kaloleni

Mwalimu, asante, nimekubali. Kuchaguliwa. Nimeacha kosa palepale watu walione.

Maendeleo sikuisahau, nilikuwa naikwepa, mamangu alikuwa mwanachama na cheti chake kiko ukutani.

#12 Fundi wa Gikomba

Swali. Hiyo sheria ya matunzo iliyofutwa, si ililetwa na Mwingereza? Basi unataka tumshukuru?

#13 Wakili Mtoro

Naomba kuingilia hapo. Ililetwa na serikali ya mkoloni, ndiyo. Lakini tazama iliyodaiwa kuwa ya kigeni na iliyoachwa. Sheria za ardhi za Mwingereza hazikufutwa kwa kuwa ni za kigeni. Iliyofutwa ni ile iliyomgharimu mwanamume mfukoni.

Kuanzia hapo angalia mfuatano. Mswada wa ndoa ulipelekwa bungeni 1976 ukaanguka, ukapelekwa tena 1979 ukaanguka. Baadhi ya wabunge walilalamika kwamba unamnyima mume haki ya kumrudi mkewe kwa kumpiga. Sheria ya urithi ilipitishwa 1972 ila haikuanza kufanya kazi hadi 1981. Mtoto wa nje ya ndoa alingoja katiba ya 2010, kifungu cha 53, ndipo baba na mama wakawa na wajibu sawa kwake, wawe wameoana au la. Kutoka 1969 ni miaka 41. Kaka wa mwenye uzi alishakuwa na wajukuu.

#14 Bint Kaloleni

Wakili, hiyo hesabu ya 41 sikuwahi kuifanya. Nitamwambia.

Nakuja 1985. Hapa nitasema niliyoyaona.

Julai 15 hadi 26, 1985, mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake ulifanyika KICC, lile jumba la mikutano katikati ya mji. Wa kwanza ulikuwa Mexico 1975, wa pili Copenhagen 1980. Wajumbe walitoka nchi 157, na Margaret Kenyatta, aliyewahi kuwa meya wa mji huu, ndiye aliyekalia kiti cha urais. Lakini uhondo haukuwa KICC. Ulikuwa chuo kikuu, kwenye jukwaa la mashirika yasiyo ya serikali. Watu zaidi ya 10,000 walikuja. Nilikuwa kidato cha tatu, likizoni, nikimsaidia mama kuuza chai na maandazi karibu na lango.

Nakumbuka vilemba. Nakumbuka sari. Nakumbuka Hema la Amani uwanjani, wanawake wa Israeli na wa Palestina wakikabiliana humo kwa maneno makali, kisha mmoja wao anatoka kununua maandazi mkono unatetemeka. Mama alimwongezea moja. Nakumbuka wanawake wa vijijini wa kwetu waliokuja na mabasi, wakisikiliza mambo kwa lugha wasiyoijua, mmoja akaniuliza kwa Kikamba nimtafsirie, na mimi Kikamba changu ni cha sokoni.

Katika ukumbi mkubwa waliraruana kuhusu siasa za Mashariki ya Kati hadi usiku wa mwisho, na ujumbe wa Kenya ndio ulioleta maneno ya kupoza, hati ikapita kwa makubaliano. Mwaka huohuo mawakili wanawake wakaanzisha FIDA Kenya, shirika la kuwatetea wanawake kisheria, ambalo wengi wenu mnalijua kwa sababu ya dada zenu.

Jambo moja nililielewa baadaye sana. Mabibi wengi wa Nairobi waliokaa kwenye mikutano ile wiki mbili, nyumbani waliacha yaya. Yaya hakuja kwenye jukwaa. Miaka minne baadaye, 1989, mwanasheria mweusi wa Marekani, Kimberlé Crenshaw, aliandika kwamba kuna mwanamke anayegongwa na magari mawili kwenye makutano ya barabara, la rangi na la jinsia, na kila kesi inatazama gari moja tu. Mimi nikisoma nilimwona yaya. Anagongwa na la tatu, linaendeshwa na mwanamke mwenzake. Wazungu wanaanza wimbi la tatu hapo karibu, 1992, Rebecca Walker alipoandika kwamba yeye ndiye wimbi la tatu. Hilo limetosha, tuendelee na mji.

#15 Nyuki wa Umoja

Mamangu ni yaya. Kilimani. Ninaendelea kusoma.

#16 Bint Kaloleni

Nyuki, mwambie nimesema shikamoo.

#17 Bint Kaloleni

Toka chuo kikuu, fuata Uhuru Highway kama unakwenda Bunyala. Dakika kumi na tano hivi uko kona ya Uhuru Park.

Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 humo bustanini. Profesa Wangari Maathai akaandika barua kila upande. Bungeni walimcheka, wakasema wafuasi wake ni kundi la wanawake walioachika. Yeye mwenyewe alikuwa ameachwa kortini 1979, kwa hiyo walijua wanapochoma. Jumba halikujengwa. Mkiketi pale Jumapili na soda, mnaketi kwenye ghorofa ya kwanza.

Februari 28, 1992, akarudi palepale na kina mama wa wafungwa wa kisiasa. Wengine wazee, wa kutembea na fimbo. Mama Monica Wamwere, mamake Koigi wa Wamwere, mmoja wa wafungwa hao, alikuwemo. Wakaanza mgomo wa kula kudai watoto wao. Machi 3 askari wakawavamia kwa marungu na gesi, Maathai akapigwa hadi akazimia. Na kina mama wakafanya alichofanya Nyanjiru, miaka 70 kasoro siku chache baadaye na chini ya nusu saa kwa miguu kutoka alipofanyia. Wakavua nguo. Askari, vijana wa kuwazaa, wakageuza nyuso, wengine wakakimbia.

Waliingia kanisa la All Saints, ng'ambo tu, wakakaa humo karibu mwaka. Wafungwa wakatoka, wa mwisho mapema 1993.

Mpwa wangu alizaliwa 1993. Simu ya mkononi ilikuwa bado si ya watu wa kawaida kwetu.

#18 Mwalimu wa Zamu

Naongeza: kabla ya hapo, 1987, kulikuwa na Wambui Otieno. Mumewe S.M. Otieno alifariki Desemba 1986, mwili ukakaa mochari zaidi ya siku 150 mke na ukoo wakishtakiana nani amzike. Ukoo ukashinda. Nilikuwa mwalimu mpya, na chumba cha walimu kiligawanyika wanaume kule wanawake huku, hata chai tulikunywa zamu mbili.

#19 Nyuki wa Umoja

Sasa mfike kwetu. Novemba 2014 nilikuwa shule ya msingi, lakini video niliiona, kila mtu aliiona. Msichana alivuliwa nguo katika steji katikati ya mji na makanga, eti amevaa vibaya. Tarehe 17 wanawake wakaandamana kutoka Uhuru Park hadi Accra Road, wengine na sketi fupi, wengine na buibui, ujumbe mmoja: nguo yangu, uamuzi wangu. Hiyo ndiyo wanaiita wimbi la nne si ndio, la mitandao?

Januari 27, 2024, nilienda mwenyewe. Wanawake walikuwa wameuawa mfululizo mwezi huo, wawili kwenye nyumba za kukodi za siku moja moja, na mtandaoni watu wanauliza alikuwa anafanya nini huko. Tulianzia Jeevanjee. Maelfu. Mwakilishi wa wanawake wa kaunti alikuja kuhutubia tukamzomea, tukamuuliza alikuwa wapi. Mama, sijui kama tulifanya vizuri. Kiti chenyewe si ndicho nyanya walipigania?

#20 Wakili Mtoro

Nyuki, ndiyo, wengi huhesabu wimbi la nne kutoka karibu 2012. Me Too yenyewe, ile kampeni dhidi ya unyanyasaji wa kingono, Tarana Burke aliianza 2006 na wasichana weusi maskini, dunia ikaisikia Oktoba 2017 kupitia waigizaji wa filamu. Unaona tena nani anaanza na nani anasikiwa.

Baada ya maandamano ya 2014, mwezi uliofuata sheria ya jinai iliongezwa kifungu: kumvua mtu nguo kwa nguvu, kifungo kisichopungua miaka 10.

Kuhusu viti: katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge limeshindwa kutunga sheria ya kulitimiza. Septemba 21, 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje kwa sababu hiyo. Halikuvunjwa. Mnaweza kumzomea mtu na bado mkakitaka kiti, si lazima mchague moja.

#21 Mwalimu wa Zamu

Mchapo mdogo kuhusu Jeevanjee. Tangu 1906 palikuwa na sanamu ya Malkia Victoria humo, iliangushwa 2015. Malkia huyo aliwahi kuandika kwamba haki za wanawake ni wazimu na upumbavu mwovu. Ningelipa nauli nimwone anawatazama kina Nyuki wakikusanyika.

#22 Bint Kaloleni

Mwalimu umenichekesha hadi bosi ametoka.

Nyuki, sina jibu la kuzomea. Ningekuwa na miaka yako ningezomea. Ila kuna kitu nataka mkitazame, ndicho kilichonifanya niandike uzi huu wote. 1922 na 1992, mama anavua mwenyewe: mara ya kwanza umati mzima unasogea, mara ya pili askari wanageuza nyuso. 2014, msichana anavuliwa na anayevua anatoa simu kurekodi. Nguo ileile, mji uleule, umbali wa kutembea. Kutoka 1922 hadi leo tumepata kura, viti, mahakama, Jaji Mkuu mwanamke tangu 2021. Na ile laana haimtishi mtu tena. Sijui ilikwenda wapi. Wimbi la nambari gani liliichukua?

#23 Fundi wa Gikomba

Sikutaka kuandika hili. Nimeandika nimefuta mara mbili.

Haikuanza 2014. Miaka ya tisini katikati nilikuwa kijana, nabebea watu mizigo katika steji moja ya mabasi. Msichana akashuka na sketi. Watu wakaanza kupiga miluzi, mara wamemzunguka. Mimi nilikuwa kwa duara. Sikumshika. Lakini nilikuwa kwa duara, na duara ni watu. Kulikuwa na mama anauza leso amezitundika kwenye kamba. Akapita katikati yetu kama hatuko, akichomoa leso moja, akamfunga yule msichana kwapani vile wanavyofunga akina mama, akamshika mkono wakatoka. Hakusema neno. Leso ilikuwa mpya, na hakuna aliyemlipa.

Bado nasema Nyanjiru unamvika nguo za leo. Hilo sijabadilisha.

#24 Bint Kaloleni

Fundi, asante.

Niambie kitu kimoja. Ilikuwa na maneno gani?

#25 Fundi wa Gikomba

Leso?

#26 Bint Kaloleni

Ndiyo. Jina lake, yale maandishi chini.

#27 Fundi wa Gikomba

Sikusoma. Nilikuwa nimetazama chini.